Kitambaa cha Mzee Kasiano

Mlipoingia hapa kwangu juzi, mmoja wenu alisema "mambo, bibi", mwenzake akamkanyaga mguu, ndipo nikapata shikamoo yangu. Sikukasirika. Mtu akifika umri huu anashukuru hata akisalimiwa kwa kupungiwa mkono. Kilichonigusa ni swali lenu la pili. Mmeanzisha kikundi cha kufuma pale mjini Sumbawanga, mmesikia kwamba zamani Wafipa walifuma kitambaa cha pamba chenye ukingo wa meno meusi, na mkaniuliza niwafundishe ukingo huo. Nikawapa chai. Niliwapa chai kwa sababu sikuwa na jibu la haraka. Jibu lenyewe ni hili.

Mimi Oresta nimefuma, na nimefundisha kufuma, tangu usichana mpaka magoti yalipokataa. Karakana yetu ilikuwa katika kijiji cha jirani na Kaengesa, jengo refu la matofali ya kuchoma lenye bati linalopiga kelele upepo ukivuma, na huku juu mnajua upepo unavyovuma. Afisa maendeleo aliyekuwepo wakati huo aliona kwamba mahindi na ulezi peke yake havitoshi, vijana wanakimbilia Mbeya na Tunduma, akasema tufufue kazi ya zamani. Alikuwa mtu mwema, hana makuu. Alituletea vitanda vya kufumia vya kukanyaga kwa miguu, akaleta na mwalimu wa kuviunga. Wasichana na wavulana tukajiandikisha. Wengi tulijiandikisha kwa sababu jengo lilikuwa na joto.

Niwape kwanza yale ambayo hakuna atakayewaambia. Uzi wa pamba una kiu. Kiangazi cha huku, miezi ile ya baridi kali na hewa kavu, nyuzi za mtande, yaani zile zinazolala kwa urefu, hukatika kama nywele za mgonjwa. Tulihangaika sana tukidhani uzi ni mbovu. Dawa yake ni beseni la maji chini ya kitanda, na kuanza kazi asubuhi umande ukiwa bado haujakauka. Pili, mtande hupakwa uji mwepesi ili nyuzi zishikamane na zisitoe manyoya. Sisi tulipaka uji wa ulezi, mzuri sana, tukafunga mlango tukaenda misa ya Jumapili. Tuliporudi panya walikuwa wameshakula mtande mzima, wameacha vishungi tu ukingoni kama watu waliobakiza ukoko. Baada ya hapo uji wetu tukawa tunauchemsha na majani ya mwarobaini kutoka bondeni. Ni uchungu mpaka mikononi. Ukimaliza kazi na ukasahau kunawa, ugali wako wote unakuwa dawa.

Na la tatu, fueni kitambaa kabla ya kukishona. Shati za kwanza tulizowapa wanakwaya zilifuliwa mara moja zikapanda mpaka kitovuni. Jumapili ile wanaume waliimba sehemu ya besi huku wamejishika matumbo, na padri aliinamisha kichwa muda mrefu kuliko sala ilivyohitaji.

Mambo hayo tulijifunza wenyewe kwa kuharibu. Lakini ufumaji wenyewe wa Kifipa, ule wa babu zetu, hatukuwa nao. Vitanda vya kukanyaga vilitoa shuka tupu, nyeupe, kama za mahali popote. Afisa akaulizia mpaka akaambiwa kuna mzee mmoja Muze, chini ya mteremko, bado anafuma kwa njia ya zamani, kwa vigingi vinne vilivyopigwa ardhini. Huyo ndiye Mzee Kasiano.

Alikuja kwa mtoto wake wa kike, Yustina, aliyekuwa ameolewa kijijini kwetu, akakaa kwake. Mrefu, mkavu, anavuta ugoro, na anakasirika upesi. Alipoona vitanda vyetu vya kukanyaga alivizunguka, akauliza hii baiskeli inakwenda wapi. Kisha akatuona sisi wasichana akamwambia afisa kwamba kufuma ni kazi ya wanaume tangu zamani, yeye hawezi kuwafundisha wanawake. Afisa akamwambia alete wanaume basi. Mzee akafikiri. Watoto wake wa kiume walikuwa Tunduma wakiuza viatu. Wavulana wa karakana walikuwa wameshatoroka wote msimu wa kuvuna. Mwisho akakaa chini akaomba apewe vigingi.

Alifundisha kwa kupiga vidole. Ukikosea anakupiga kwa kijiti cha uzi, si kwa nguvu, lakini inauma zaidi kwa sababu hasemi kosa ni lipi. Kusokota uzi kwa pia, kile kijiti chenye uzito kinachozungushwa, alitufundisha wote, na wote tuliweza. Uzi mweusi pia tuliweza: unauchemsha na magome, kisha unauzika kwenye matope meusi ya mbugani, unauacha ulale. Lakini ukingo wa meno hakuna aliyeuweza. Aliinua nyuzi kwa ncha za vidole, mbili hapa, moja pale, akaacha, akarudi, na meno meusi yakatokea yamepangana pande zote mbili za kitambaa. Ukimuuliza anahesabu vipi anasema hahesabu. Nadhani kweli hakuwa anahesabu. Mimi niliyejiona fundi nilijaribu msimu mzima. Meno yangu yalitoka kama ya mtoto anayeng'oka meno.

Hapo ndipo alipokuja Kabula.

Kabula alikuwa Msukuma. Watu wake walihamia bondeni upande wa Kaoze na ng'ombe wao, wakalima na pamba, kwa kuwa pamba waliijua tokea kwao. Alipanda huku juu na mumewe Masanja kutuletea pamba, mizigo imefungwa kwenye punda. Masanja akabaki nje na punda. Kabula akaingia ndani kuuliza tutahitaji nyingine lini, akamkuta Mzee Kasiano amekaa kwenye vigingi vyake. Akasimama. Mumewe akamwita mara ya kwanza, akamwita tena. Yeye amesimama tu anaangalia vidole vya yule mzee. Alipoondoka hakuwa amepata jibu la pamba, kwa sababu hakuuliza.

Safari iliyofuata aliomba abaki. Wakwe zake hawakupenda. Mnajua watu wa mbali wanavyotusema sisi wa Sumbawanga, kwamba tunatuma radi kama watu wengine wanavyotuma salamu. Mama mkwe wake alimfunga hirizi kiunoni ndipo akamruhusu. Masanja ndiye aliyemtetea. Alikuwa mtu mpole, nasema hivyo ili msije mkamchukia baadaye.

Kabula alikaa kwangu. Tulilala chumba kimoja, tulipika chungu kimoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza mwanzoni, na Kifipa hakujua neno, na Mzee Kasiano akikasirika alisahau Kiswahili chote. Kwa hiyo hawakuzungumza. Labda ndiyo sababu alielewa. Sisi tulikuwa tunamuuliza mzee maneno, yeye alimwangalia mikono. Kabla ya mvua za kwanza ukingo wake ulikuwa unatoka sawasawa na wa mwalimu wake. Mzee akaushika, akaupitisha kati ya vidole, akauweka chini, akachukua ugoro. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Miaka ile ndiyo iliyokuwa mizuri. Sisi wengine tulifuma katikati ya kitambaa, Kabula akafuma ukingo. Wanaotoa mahari walitaka kitambaa chetu kiwemo. Mama aliyejifungua aliletewa kitambaa chetu. Watu walitoka mjini kuagiza, tukawa tunawaambia wasubiri, na wakasubiri. Nilikuwa msimamizi wa wafumaji, nikaanza kutembea kifua mbele kama jogoo. Tulimwambia Kabula afundishe wengine. Alijaribu. Alikuwa akikaa na msichana kuanzia asubuhi, jioni ananiambia, "Dada, gete, kweli kabisa, sijui nimwambie nini. Mikono inakwenda yenyewe."

Mtaniuliza kwa nini hatukuuchora. Tuliuchora. Mwalimu mmoja wa shule alikuja akauchora kwenye karatasi ya miraba, ukatoka mzuri, lakini ukiupeleka kwenye nyuzi unakuwa uzio wa zizi. Picha ya kamera ipo moja. Mgeni mmoja alimpiga Mzee Kasiano, sura yake yote inaonekana, mpaka tundu za pua. Kitambaa kimekatwa na ukingo wa picha.

Mwaka ambao mambo yaligeuka, mzee alianza kukohoa. Alikonda upesi. Siku moja akatuita mimi, Yustina na Kabula, akasema anataka azikwe na kitambaa kama baba yake, si na koti. Kitambaa cha vigingi, ukingo pande zote. Akamtazama Kabula. Yustina alianza kulia, baba yake akamwambia anyamaze, bado hajafa.

Kabula akakianza. Alifuma peke yake, hakutaka mtu mwingine aguse hata katikati. Mzee alikuwa mrefu, nimewaambia, na kazi ile haiendi mbio. Kila jioni alikuwa anapita kwa Yustina kumwangalia mgonjwa, hawazungumzi sana, anakaa tu.

Huko bondeni nako hakukuwa shwari. Ng'ombe waliingia kwenye mashamba ya watu, mahindi yakaliwa, ugomvi ukazuka, vijana wakaumizana kwa fimbo na mapanga. Kijana mmoja wa ukoo wa Masanja aliachwa kilema. Wazee wao wakakaa, wakaamua kuhama wote, waende kusini mbali ambako walisikia kuna majani. Masanja akapanda kuja kumchukua mkewe.

Nilimpokea, nikampa kiti, nikamweleza habari ya kitambaa. Nikamwomba atuachie Kabula mpaka kiishe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, sikatai. Huyo mzee namheshimu. Lakini sisi wenyewe hatujui tunakofikia. Nikimwacha hapa, akimaliza, atanitafuta wapi?"

Siku hizo simu hazikuwepo mikononi mwa watu kama sasa. Mtu aliyeondoka na ng'ombe alikuwa ameondoka.

Kabula hakulia. Alikwenda kwa mgonjwa, mimi nikamfuata. Alipiga magoti pembeni ya kitanda akasema, "Babu, sijamaliza."

Mzee akafumbua macho. "Umefika wapi?"

Kabula akajaribu kupima kwa macho urefu wa yule mtu pale alipolala, akagusa blanketi juu kidogo ya magoti yake.

"Basi nitafupika," mzee akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu augue. Kabula akacheka, kisha akainuka akatoka kwa haraka. Njiani akanishika mkono akaniomba kitu kimoja tu, nisikikate, nikiache kwenye vigingi, pengine mambo yatabadilika. Asubuhi waliondoka. Nilimsindikiza mpaka pale barabara inapoanza kushuka. Nilirudi nikafagia karakana yote, hata mahali palipokuwa pasafi.

Mambo hayakubadilika. Mzee akazidi kudhoofika, na mimi nikaona siwezi kuacha kitambaa hivyo. Nikakaa kwenye vigingi vya Kabula. Nikajua ukingo sitauweza, nikasema nitafuma hivyo hivyo bila meno, angalau kirefuke. Nikafuma upana wa kiganja changu. Kisha nikaona vibaya kumficha. Tukamwinua mzee mimi na Yustina, tukamleta kwa kumshikilia, karakana haikuwa mbali, tukamketisha. Macho yalikuwa hayaoni vizuri tena. Akapitisha vidole juu ya kitambaa pole pole, akafika pale kazi ya Kabula inapoishia na yangu inapoanza, vidole vikasimama. Alitikisa kichwa tu. Tulipomrudisha kulala, nilikwenda nikafumua uzi mmoja mmoja mpaka nikarudi pale pale. Kufumua ni kazi ngumu kuliko kufuma, wanangu. Ukifuma macho yako yanatazama mbele.

Alifariki wiki iliyofuata Pasaka.

Sasa hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndipo jibu lenu lilipo. Siku ile ile mwenyekiti wa kikundi chetu cha karakana alinifuata, na wengine nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kitambaa kile ndicho pekee chenye ukingo kamili kilichobaki mikononi mwetu, vingine vyote viko kwa wenyewe huko, vimechanika au vimeshakuwa matambara ya kubebea watoto. Alisema tukikizika tunazika na kazi ya watoto wetu. Tumzike mzee na koti zuri, kitambaa kibaki karakana, siku moja atatokea mtu mwenye macho kama ya Kabula, atakisoma. Maneno yake yalikuwa ya akili. Hata leo ni ya akili.

Yustina alikuwa amekaa chini mlangoni, nguo amejifunga kiunoni. Akasema, "Baba yangu hakuomba koti."

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye msimamizi. Nikaomba wanipishe niingie peke yangu. Nilikaa pale kwenye vigingi. Nilikitazama kitambaa kile kwa muda, nikijaribu kukihifadhi kichwani, jino kwa jino, na nikijua kwamba sihifadhi chochote. Nikawaza karakana itakavyokuwa. Nikawaza na zile siku mzee alipopitisha vidole vyangu kwenye pia ya kusokotea, na vile alivyokaa chini siku ya kwanza kati ya wasichana ambao kwa desturi yake hawakustahili. Mtu yule hakuwahi kutuomba chochote isipokuwa hiki.

Nikachukua kisu nikakikata.

Tulimfunika nacho kuanzia kichwani. Kilifika magotini, kama Kabula alivyopima. Miguuni tukamalizia na bafta nyeupe ya dukani. Baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kuuma na udongo ulikuwa na umande.

Sijajuta. Ningeulizwa leo ningekata tena. Lakini msidhani kutojuta kunaondoa uchungu, ni vitu viwili tofauti na vinakaa nyumba moja.

Baada ya hapo karakana haikufa siku moja. Ilikwenda ikipungua kama mgonjwa anayepona Jumatatu na kuugua Jumatano. Wateja walikuja kuulizia ukingo wa meno, tukawaonyesha shuka tupu, wakatushukuru wakaenda. Madukani yakaja mablanketi mepesi yenye picha za chui. Mitumba ikaja kwa marobota. Bondeni watu wakaacha pamba, wakageukia mpunga na alizeti, na sisi tukawa tunanunua uzi wa kutoka mbali ambao ukifika tayari bei imeshatushinda. Wafumaji waliolewa, walihama, mmoja mmoja. Vitanda vyetu vya kufumia, mbao zake zilikuwa nzuri mno, na kimoja nakijua mpaka leo: kiko kwa jirani, amekipigia kamba, analalia. Kila nikipita namuuliza kama analala vizuri. Anasema vizuri sana.

Mwaka jana mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuja mnadani Muze alisema amekaa Lindi na jamaa fulani wa Masanja. Mjukuu wangu Skolastika, huyu mwenzenu wa kikundi, hakumwachia mpaka akatoa namba yao. Akapiga, akaweka sauti juu. Nilisikia mwanamke anaitika, sauti nzito ya mtu mzima, nikataka kusema amekosea namba. Skolastika alipomtajia karakana, akasema, "Dada Oresta?" nikamjua.

Tulizungumza mambo ya watoto kwanza. Masanja yupo, macho yanamsumbua. Kabula mwenyewe ana wajukuu wengi. Skolastika akashindwa kuvumilia, akanong'ona kwamba niulize ukingo. Nikamwuliza. Kabula akacheka, akasema miaka yote hii mikono yake imeshika jembe na ndoo ya maziwa tu. Lakini akasema tujaribu. Nilikuwa na vigingi vidogo hapa uani. Nikaketi, simu ikawekwa chini kando yangu, na yeye kule alikokuwa akaanza kuniambia. Inua mbili. Acha. Inua moja, pitisha nyeusi, rudi. Nilifanya kila alilosema. Mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka, na nikaona kabisa jino linaanza kuota. Mstari wa tatu akasita. Akasema inua mbili, kisha akasema hapana. Akaanza tena, akanyamaza. Nilimsikia anapumua, nikajua anachezesha vidole hewani kutafuta. Nilimwacha atafute.

Baadaye akasema, "Imepotea, dada."

Nikamwambia si kitu.

Kisha akauliza jambo ambalo nadhani ndilo alilotaka kuuliza tangu alipoitika. "Na babu mlimzika nacho?"

"Tulimzika nacho."

"Kilimtosha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Yuko mbali, ni mzee kama mimi, nani angemwambia? Lakini nilikuwa nimelala naye chumba kimoja, nikaona siwezi. Nikamwambia kilifika magotini.

Kuku walikuwa wanalia upande wake, na upande wangu pia, hata sikujua ni wa nani.

"Miguu yake ilikuwa mirefu," akasema. Kisha muda wa simu ukaisha.

Hapo ndipo kazi yenu ilipofikia, wanangu. Kusokota nitawafundisha, kupaka uji nitawafundisha, na weusi wa matope nitawafundisha mpaka kucha zenu zisitakate. Ukingo nitawaonyesha mistari miwili, na mwanzo wa ule wa tatu.